Unakula mara ngapi kwa siku, mzee?

Mzee yule alipoletwa wodini kwetu kwa mara ya tatu ndani ya miezi mitano, nakiri tulikuwa tushamchoka. Siyo kumchukia, hapana, ni ile bajaji inasimama pale mapokezi unamwona mtu kalazwa siti ya nyuma mguu umefungwa kitenge, unasema moyoni "huyu tena". Kipimo cha sukari hakisomi hata namba kinaandika HI tu, yaani imepanda kupita kinachoweza kupima, ketoni kwenye mkojo zimejaa, dalili kwamba insulini mwilini haitoshi, kidonda cha mguu ambacho tulimruhusu kikiwa kishaanza kuwa chekundu kizuri sasa kinanuka, na mwenyewe anapumua kwa nguvu kama katoka kupanda mlima. Intani, daktari aliye mafunzoni, aliyekuwa zamu akaandika kwenye faili yale maneno ambayo sisi watu wa wodini tunayapenda sana, kwamba mgonjwa hafuati matibabu. Nikasoma, nikaitikia kwa kichwa. Na miaka yangu saba ya unesi, nikaitikia kabisa.

Mi ni nesi wa wodi ya wanaume, hospitali moja hapa Dodoma ambayo siitaji jina kwa sababu ndo inanilisha. Leo nataka niandike kuhusu mtu ambaye kwenye timu yetu huwa anakumbukwa mwisho kabisa, afisa ustawi wa jamii. Wagonjwa wanamwita mtu wa msamaha, yaani wa kusamehewa bili. Sisi wenyewe tunasema "ustawi" kama vile ni chumba na siyo binadamu, mpeleke ustawi, kaulize ustawi, hii iache ustawi watajua. Nilifanya kazi na huyu dada wa kwetu karibu miaka minne ndo nikaja kuelewa anafanya nini, na aliyenielewesha ni huyo mzee tuliyemchoka.

Anatoka vijiji vya Bahi, kule upande wa Chipanga. Sasa kinachoniuma mpaka leo ni kwamba ukikagua faili lake hutapata mzembe. Daktari alimwandikia insulini ile ya mchanganyiko, asubuhi na jioni, nusu saa kabla ya kula, na kila aliporudi akamwongezea yuniti kidogo maana sukari ilikuwa haikamatiki. Mfamasia alimpa vichupa na kumsisitiza avitunze kwenye ubaridi. Afisa lishe alimkalisha chini akamwelekeza ale kidogo kidogo, milo mitano kwa siku, ugali apunguze, mboga na matunda aongeze. Mtu wa fiziotherapia alimtafutia gongo la kutembelea. Na mimi nikamfundisha ndugu yake kuchoma sindano, mpwa wake mmoja kijana mwelewa sana, akarudia mbele yangu mara tatu bila kukosea, nikaweka tiki kwenye fomu ya elimu kwa mgonjwa. Nilijisikia nesi kwelikweli siku ile.

Ustawi tulimwita siku ya nne. Na tusidanganyane, hatukumwita kwa sababu ya mzee, tulimwita kwa sababu ya bili. Deni la kulazwa mara ya pili lilikuwa bado linaning'inia kwenye mfumo, kontroo namba imetoka hakuna aliyelipa, mzee hana kitambulisho cha NIDA cha kuonyesha kwamba kavuka miaka 60, na kashia kasema yeye hagusi kitu mpaka kuwe na karatasi. Ndo dada wa watu akaja, saa tano asubuhi hivi, kaunta buku lake la kwaya tatu kwapani limekunjika pembe zote.

Hakwenda kwenye faili. Alivuta lile stuli letu bovu akakaa usawa wa kichwa cha mzee, akasema "Mbukwenyi". Mzee huyu kwa mara zote tatu alizolazwa alikuwa anatujibu neno moja tu, "ndiyo daktari", na alikuwa anamwita kila mtu daktari hadi yule mama wa usafi. Hapo akageuza shingo. Wakaanza Kigogo. Mi Kigogo nakamata cha kuombea maji tu lakini nilisikia wakipitia mvua, wakapitia mbuzi, wakapitia ukoo, mwisho ikaonekana kuna shangazi wa mzee aliolewa kijiji kimoja na bibi yake dada, mzee akacheka hadi akakohoa. Nusu saa nzima. Mimi nimesimama na toroli la dawa za saa sita nanung'unika, maana nilihisi anapiga stori na kazi zimelala.

Akaja mezani kwetu, akafungua kaunta buku, akasema, "Kaka, huyu mzee anakula mara moja kwa siku."

"Nani kasema?"

"Kasema mwenyewe. Ulimuuliza?"

Sikumuuliza. Daktari hakumuuliza. Afisa lishe alimwambia milo mitano lakini hakuuliza sasa hivi unakula mingapi. Mafaili matatu, kurasa sijui ngapi, historia ya ugonjwa imeandikwa mpaka baba yake alikufa na nini, na hilo swali halimo.

Basi kikatoka kimoja baada ya kingine. Mzee anaishi na mjukuu wa miaka 11, wawili tu. Yule mpwa niliyemfundisha sindano anaishi Dar, alikuja kwa ajili ya ugonjwa, alipomfikisha mzee nyumbani akalala siku mbili akarudi kwenye kazi yake, kwa hiyo ile tiki yangu ilipanda gari ikaenda zake Dar. Aliyekuwa anachoma ni mtoto, alfajiri kabla hajaenda shule, anavuta dawa kwa mwanga wa tochi ya simu. Na mwezi ule wa kwanza kabisa mtoto alimchoma vizuri tu kama alivyoelekezwa, akaenda shule, ndani hakuna kitu, ni kile kipindi cha Februari ghala limeisha na mpya bado iko shambani, na mzee akategemea atakula jioni kama kawaida yake. Saa nne alianguka zizini, jasho linamtoka, hajitambui. Jirani aliyekuja kuomba jembe ndo akamkuta, mke wa jirani akamnywesha uji wenye sukari akaamka.

Toka siku hiyo mzee alijiwekea sheria yake, asubuhi isiyo na chakula hakuna sindano.

Fikiria hiyo kitu. Huyo ndo tuliyemwandika hafuati matibabu. Insulini bila chakula inaua, na inaua haraka kuliko sukari ya juu, kwa hiyo mzee asiyejua kusoma alikuwa amefikia uamuzi wa kujiokoa ambao tungeuelewa kama tungejua hali ya ndani kwake. Sisi kila akirudi tunapandisha dozi. Angetusikiliza tungemzika.

Na bado. Ubaridi alioambiwa na mfamasia alikuwa ameutafuta kweli, alimwomba mwenye duka la pale senta amtunzie vichupa kwenye friza yake ya barafu za watoto, zile za shilingi mia. Dawa ikaganda. Insulini ikishaganda imekwisha kazi, hata ukiiyeyusha ikarudi kuwa maji kama mwanzo haina tena nguvu. Kwa hiyo hata zile siku alizokula akachoma, nyingine alikuwa anajichoma bure.

Kesho yake ilikuwa raundi kubwa. Nilimwambia dada abaki, asitume karatasi, asimame pale miguuni pa kitanda aseme mwenyewe. Kwa kawaida raundi kubwa daktari bingwa anatembea mbele, nyuma wanafuata madaktari, nyuma yao maintani, nesi na faili, mfamasia akiwepo, na ustawi hayupo kabisa, yuko ofisini kwake karibu na lango anagombana na watu wa bili. Alisema mambo yake kwa dakika kama tatu hivi. Daktari bingwa akamgeukia mzee, akasema shikamoo mzee wangu, na jioni huwa unakula nini? Uwele na mlenda, akasema mzee. Kila jioni? Kila jioni, hiyo haikosi.

Dawa ikabadilishwa pale pale. Sindano moja tu, kipimo kidogo, ifungwe kwenye ule mlo wa jioni usiokosa, na sukari yake tusiitafutie namba nzuri ya kitabuni, tuitafutie namba ambayo haitamwangusha zizini. Mfamasia akakumbuka mbinu ya zamani ya mtungi wa udongo, unaweka kichupa kwenye kopo lenye mfuniko, kopo ndani ya mtungi wenye maji, kivulini, udongo ukitoa jasho ndani kunapoa, na Dodoma kwa ukavu wake huu mtungi unapoza vizuri tu. Afisa lishe akafuta milo yake mitano. Mimi nikaambiwa nimfundishe mtoto, aletwe mtoto mwenyewe. Dada akapiga simu kwa mwenyekiti wa kijiji na mwenyekiti akamtafuta mhudumu wa afya wa kule wa kuwa anapita kufunga kidonda, maana zahanati iko mbali na mzee ana mguu mmoja wa kukanyagia. Pia akaandika barua waangalie kaya yake kwenye orodha ya TASAF, ule mfuko wa kusaidia kaya maskini. Na bili, ile iliyomleta, akaimaliza mchana huohuo.

Kidole kimoja hatukukiokoa, kilikatwa. Ila alirudi nyumbani na mwaka ule wote uliobaki hakulazwa tena kwetu, alikuwa anakuja kliniki tu na yule mjukuu anabeba daftari.

Nilipokuwa najiendeleza kimasomo nilikutana na historia ya hii kazi na nikacheka peke yangu, kwa sababu wenzetu walianzia hapahapa tulipokwama sisi. London, mwaka 1895, hospitali ya Royal Free ilimwajiri mwanamke anaitwa Mary Stewart, na kazi ya kwanza aliyopewa ilikuwa kuchuja wagonjwa, kuangalia nani kweli hana uwezo na nani anajifanya ili atibiwe bure. Yaani dirisha la msamaha kabisa. Alipoanza kuwahoji akaona matatizo yao hayaishii kwenye hela. Halafu Boston, Marekani, mwaka 1905, daktari mmoja wa Massachusetts General Hospital, Richard Cabot, alichoka na kilekile tulichochoka nacho, mtu unamtibu anarudi, unamtibu anarudi, akagundua hajui chochote kuhusu nyumba anazowarudisha. Akamleta nesi, Garnet Pelton, awe anafuatilia hayo. Pelton akaugua kifua kikuu, mwaka uliofuata akashika Ida Cannon, naye akaijenga hiyo idara mpaka 1945. Kilichonigusa ni kwamba hospitali yenyewe ilikaa miaka na miaka ndo ikaikubali kama idara yake rasmi. Kumbe kuwekwa pembeni ni jadi.

Hapa kwetu chuo cha hawa watu, Taasisi ya Ustawi wa Jamii pale Kijitonyama, kilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1973. Lakini picha waliyonayo wagonjwa kuhusu ustawi wa hospitali imetengenezwa zaidi na mwaka 1993, uchangiaji wa gharama za matibabu ulipoanza. Ukishasema watu wachangie lazima useme nani asichangie, ndo yakaja makundi ya msamaha, wajawazito, watoto chini ya miaka mitano, wazee wa 60 na kuendelea wasiojiweza, na yule maskini tu ambaye hana kundi. Hao wa makundi ni rahisi. Huyu maskini asiye na kundi mtu lazima akae amtazame aamue, na huyo mtu ni afisa ustawi. Hata ile CHF iliyoboreshwa, bima ya afya ya jamii, ilipokuwa elfu 30 kwa kaya ya watu sita, kulikuwa na nyumba ambayo elfu 30 kwa mkupuo haikuwahi kuonekana ikiwa imekaa pamoja siku mbili.

Sasa hapa nina neno langu na najua kuna mabosi hawatalipenda. Tumemweka huyu mtu kwenye nafasi mbili zinazogombana. Upande mmoja anatakiwa awe mtetezi wa mgonjwa, mgonjwa amfungulie moyo, amwambie ana wake wawili na mmoja kamkimbia, amwambie hana kitu ndani. Upande wa pili hospitali inamtaka awe mlinzi wa mfuko, mwisho wa mwezi kinasomwa kikaratasi misamaha imefika shilingi kadhaa, na macho yote kwake kama vile kaiba. Wagonjwa siyo wajinga, wanajua huyu ndo anaamua nalipa au silipi, kwa hiyo wengi wanamwambia kile wanachofikiri kitasaini fomu. Halafu unataka mtu huyohuyo apate ukweli wa nani anakula mara ngapi. Aliupata kwa yule mzee kwa sababu alianza na mbuzi, bili akaiacha mwisho.

Ninavyoona, kazi ya msamaha ingepewa karani na kamati, na ustawi apande juu wodini. Lakini mi nani.

Na siyo wodi yetu tu. Nilikaa wodi ya watoto kabla ya hapa, na kule kulikuwa na neno letu lingine la kupenda, "ametoroka". Mama ana mtoto wa utapiamlo, yuko kwenye maziwa ya tiba ya F-75, siku ya tano mtoto kaanza kuchangamka unakuta kitanda kitupu, tunaandika ametoroka na saa yake. Ukiuliza vizuri ana watoto wengine watatu kawaacha kwa jirani na mvua imeshanyesha siku mbili na asipopanda wiki hii mwakani atarudi na huyo mdogo. Hajatoroka huyo, kapiga hesabu. Kuna mara dada alimpigia mwenyekiti, mwenyekiti akawaambia ukoo wa mume, shamba likalimwa na watu wa ukoo siku moja na mama akakaa mpaka mwisho. Kuna mara alipiga na hakuna aliyeshughulika. Siyo mganga wa kienyeji, hana dawa ya kila kitu, na mara nyingi silaha yake ni simu na vocha aliyonunua mwenyewe.

Kesi za watoto walioumizwa sitaziandika kwa undani, sina moyo huo leo. Ila ujue pale ndo nesi na daktari wanaweza kutibu jeraha vizuri kabisa wakamrudisha mtoto mikononi mwa aliyelisababisha. Kuna PF3, ile fomu ya polisi ya majeruhi, kuna Dawati la Jinsia la polisi, na kuna Sheria ya Mtoto ya 2009 ambayo inampa afisa ustawi kazi zake mwenyewe, kuchunguza, kuandika ripoti ya mahakama, kumtafutia mtoto mahali salama pa kulala usiku huo. Mimi sindano naweza kuchoma lakini mahali pa kulala sina.

Watu wa Dodoma tuna utani wetu wa tangu utotoni, ukifanya ujinga unaambiwa gari la Mirembe linakuja. Hospitali ile ya magonjwa ya akili ipo tangu 1927 na utani labda una umri huohuo. Lakini kaa na mtu anayefanya kazi za afya ya akili akueleze mgonjwa aliyepona, kapewa ruhusa, begi kafunga, anakaa benchi anasubiri ndugu, na simu ya ndugu haipatikani tena. Hapo dawa imefanya kazi yake yote. Kinachobaki ni mtu wa kwenda kukaa na familia, kuwaambia huyu si kichaa wenu, ni kaka yenu, anakunywa dawa, analala, anaweza kulima. Au chukua figo, Hospitali ya Benjamin Mkapa pale walianza kupandikiza 2018, na kwenye kazi ya namna hiyo lazima awepo mtu wa kukaa na mtoaji peke yake, kaka wa mgonjwa hayupo, mama hayupo, akamuuliza unatoa kwa hiari yako au umekalishwa kikao cha ukoo? Nani mwingine kwenye timu ana muda na uso wa kuuliza hivyo?

Kwetu alikuwa mmoja. Mmoja kwa hospitali nzima, wodi tisa na wagonjwa wa nje. Ndo maana mtu akiniambia timu ya wataalamu mbalimbali naangalia kwanza viti viko vingapi. Baada ya yule mzee tulikubaliana kitu kidogo tu wodini kwetu, kwamba ustawi tunamwita siku mgonjwa anaingia kama tunaona mojawapo ya dalili tatu, karudi ndani ya mwezi, hana ndugu kitandani, au namba ya simu kwenye faili si ya mtu anayeishi naye. Hiyo ya tatu ni yangu, nimeipata kwa ile tiki iliyokwenda Dar.

Mwaka jana dada alipata uhamisho, kaenda halmashauri nyingine. Tulimfanyia kasherehe ka soda na keki, akalia, tukalia, siku ya mwisho akaja wodini akaniachia lile kaunta buku. Ndani siyo majina ya wagonjwa, hayo alikuwa anayaweka kwenye mafaili yake na kufungia. Ni namba za wenyeviti wa vijiji, watendaji, wachungaji, mashehe, wahudumu wa afya, madereva wa basi za Kondoa na Mpwapwa wanaokubali kubeba mgonjwa kwa mkopo, na pembeni ya kila namba kaandika vitu vyake. "Huyu mkali ila anasaidia." "Usimtaje mtendaji." "Mpe salamu za mama kwanza." Mrithi wake alichukua miezi minne kufika na katikati hapo mi nesi ndo nikawa napiga.

Wiki ya kwanza tu nikapata mzee mwingine, wa Chamwino huko ndani, kisukari vilevile, hana mtu kitandani. Nikamuuliza anakula mara ngapi, akanijibu "ndiyo daktari". Nikafungua buku nikatafuta kijiji chake, nikapiga namba ya mwenyekiti mara tatu mchana ule, inaita tu. Ndo nikaona maandishi madogo ya penseli pembeni: "Ana duka, simu anaiacha nyumbani. Piga baada ya magharibi."

Zamu yangu iliisha saa tisa na nusu. Nikavuta lile stuli, nikakaa.